Uzi wa Kijani Kwenye Ulimi wa Oboe

Niliuona uzi kabla sijauona vizuri uso wa mwenye kuuweka mdomoni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Juni, mazoezi ya mwisho ndani ya kanisa kuu la Worcester. Tamasha la jioni ile lilikuwa la watunzi wa Kiingereza watupu: Purcell, Holst, Delius, na Elgar wa kufungia, Elgar ambaye mji wetu unamchukulia kama mjomba wa kila nyumba. Sisi wa viola, zile fidla kubwa kidogo, tulikuwa kimya, pinde magotini, tunasubiri zamu yetu. Mwongozaji alikuwa anawafokea wapuliza honi. Mimi, badala ya kumtazama yeye, nilikuwa namtazama Alban Whitlock, oboe wa kwanza, mkuu wa wapuliza zile zumari nyeusi nyembamba, kama nilivyomtazama kila mazoezi tangu nijiunge na okestra ile.

Pembeni mwake alikaa msichana mgeni, Imogen Sayle, mbadala aliyeletwa kushika nafasi ya oboe wa pili ambaye alikuwa amejifungua. Alichukua kutoka kwenye kikombe cha maji ulimi wa oboe yake, yaani ule mwanzi mwembamba unaopulizwa, akaukung'uta, akaupeleka midomoni. Pale chini, mwanzi unapofungwa, palikuwa na uzi wa kijani.

Niliganda.

Mpuliza oboe anayejiheshimu hanunui ndimi dukani. Anazichonga mwenyewe kwa kisu, nyumbani, amenuna, hataki kusemeshwa, na akimaliza anazifunga kwa uzi wa rangi aliyoichagua. Rangi ile ni kama jina lake. Wala hazigawi ovyo, maana ulimi wa oboe ni kama mswaki. Sasa ukiukuta mswaki wa mpenzi wako kinywani mwa msichana mwingine, utaambiwa nini ukaelewa?

Na uzi wenyewe haukuwa uzi wowote tu. Bibi yangu alishona glavu hapa Worcester maisha yake yote, na alipofariki aliniachia kisanduku cha nyuzi za hariri. Kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa zamani, hazipatikani tena popote. Zile za kijani nilimpa Alban, zote, siku aliyoniambia kwamba ananipenda. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Hester, uzi huu hautafunga ulimi utakaoingia mdomo wa mtu mwingine." Mimi mjinga nikalia.

"Ukurasa! Ukurasa, bibie!"

Alikuwa Bwana Clement Oddie. Sisi wa nyuzi tunakaa wawiliwawili kwenye stendi moja ya nota. Anayekaa upande wa ndani ndiye anayefungua kurasa ili mwenzake aendelee kucheza, na mimi ndiye niliyekaa ndani. Viola zote zilikuwa zimeshaingia. Clement alikuwa anacheza kwa kukumbukakumbuka, jasho linamtoka. Nilipeperusha ukurasa mpaka stendi ikayumba.

Mwongozaji alipotusimamisha, Clement alinigeukia.

"Nimekaa na watu wengi kwenye stendi hii," alisema. "Mmoja alikuwa anakoroma. Mwingine alikuwa anakula vitunguu. Lakini hakuna aliyewahi kuninyima ukurasa."

"Samahani, Bwana Clement."

"Unamtazama yule kijana wako."

"Simtazami yeye. Namtazama jirani yake."

"Ahaa." Akasogeza miwani. "Msichana mzuri. Macho yangu ni mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho."

"Tazama uzi wa oboe yake."

Akatazama. Alikuwa anaujua uzi ule, okestra nzima ilikuwa inaujua. Akaivua miwani, akaifuta.

"Labda kapata unaofanana nao," alisema hatimaye.

"Wapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi ni mtu wa viola. Sisi hatuna siri, hatuna hata anayetusikiliza."

Alitaka nicheke. Sikucheka, kwa sababu usiku ule ule, baada ya tamasha, Alban alikuwa aje kula nyumbani kwa mama yangu, na mezani aseme rasmi kwamba anataka kunioa. Mimi nilikuwa niseme ndiyo. Gauni la kusemea ndiyo lilikuwa limeshapigwa pasi.

* * *

Wasiwasi wangu haukuanza na uzi. Uzi ulikuja kukaa juu ya mambo mengine. Tangu Pasaka Alban alikuwa hatii mguu kwa Mama siku za Jumapili. Mara ana mafua, mara amechoka, mara gari. Jumanne zote alikuwa na wanafunzi, aliniambia, na wanafunzi hao hawakuwa na majina. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Alikuwa hanibusu. Nikimsogelea anageuza shavu. Nikilishika shavu anainamisha kichwa, ananibusu kwenye nywele, anauliza kama nimekula.

Mwanamke anajua maana ya kubusiwa nywele.

Wakati wa chai nilikwenda kwenye ukumbi wa pembeni, ambako Mama na wenzake wa kujitolea walikuwa wamepanga vikombe na keki ya limau. Mama ndiye mkuu wa birika. Amelishika birika lile la umeme tangu baba yangu alipotuacha. Baba alikuwa mpuliza tromboni, na alikwenda zake Cardiff, kule Wales, na mwimbaji mmoja wa sauti nyembamba. "Cardiff!" Mama husema mpaka leo. "Angalau angemtorosha Paris."

"Una sura ya maziwa yaliyoganda," aliniambia. "Shika kikombe."

"Sina hamu."

"Hukuulizwa hamu. Shika." Akainama juu ya birika, sauti ikashuka. "Yule msichana ni nani?"

"Msichana gani?"

"Usinifanye mtoto, Hester. Yule wa oboe. Alban kaja hapa sasa hivi, kachukua vikombe viwili. Kimoja kakitia sukari vijiko viwili, kakoroga, kampelekea. Hakumuuliza."

"Hakumuuliza nini?"

"Sukari! Hakumuuliza anakunywa sukari ngapi. Anajua." Akafuta bomba la birika kwa kitambaa ingawa halikuwa na tone. "Mtu hajui sukari ya mwenzake kwa kukaa naye kwenye viti vya mazoezi. Sukari inajulikana nyumbani. Baba yako alianza hivyohivyo."

"Mama, tafadhali."

"Mimi sisemi kitu. Nilisema Krismasi, Alban akaniambia ana kiti cha kwanza cha kudumu, hawezi kuyumba. Nikanyamaza. Nikasema Pasaka, aliponimwagia mchuzi kwenye kitambaa cha meza cha mama yangu mchana kweupe—"

"Hakuwa amelewa."

"Mtu ambaye hajalewa anapata mdomo wake, mwanangu."

Niliweka kikombe chini. Ningeweza kubishana na Mama kuhusu mchuzi mpaka kesho, lakini sukari ilikuwa imenikaa kooni.

"Anakuja usiku huu au haji?" Mama aliuliza, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. "Nina kondoo kwenye tanuri. Niambie tu."

"Sijui," nilisema. "Nitakwambia kabla hatujaanza."

* * *

Imogen nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, peke yake mbele ya kioo, anahangaika na zipu ya gauni jeusi. Nilimfungia. Mkono wangu ulikuwa baridi, akashtuka.

"Asante. Wewe ni Hester, sivyo?"

"Umenijuaje?"

"Alban anakutaja."

"Anapotaja huwa mko wapi?"

Alinitazama kwenye kioo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na macho yake hayakuwa ya mtu mwenye hila, jambo lililoniudhi. Ningependa awe na hila.

"Nimeuona uzi," nilisema.

Mkono wake ukaenda kwenye kisanduku chake cha ndimi juu ya meza, ukakifunika. Kwa haraka, bila kufikiri, kama mtu anayefunika barua.

"Amenipa," alisema.

"Naona kakupa. Kakupa lini?"

"Hester, muulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Jumanne?"

Mashavu yakamwiva.

"Unakwenda kwake Jumanne," nilisema.

"Nakwenda. Lakini si kama unavyodhani."

"Kila mwanamke aliyewahi kuulizwa hivi amejibu hivyo hivyo. Mama yangu aliambiwa neno hilo hilo."

"Nimeapa kwamba sitasema." Alikivuta kisanduku karibu naye. "Nilimwambia akwambie. Nimemwambia kila wiki. Nilimwambia hata leo asubuhi. Yeye hataki. Jamani, nina solo ya kufikiria, sitaki—"

Akajiziba mdomo.

"Solo gani?" niliuliza. "Wewe ni oboe wa pili. Oboe wa pili hana mahali pa kupiga peke yake jioni hii."

Alichukua kisanduku chake, akatoka na zipu ikiwa haijafika juu. Nilibaki na kioo. Mtu niliyemwona mle ndani alikuwa anafanana na Mama.

* * *

Alban nilimpata nje, kwenye ule ujia wa mawe unaozunguka bustani ya kanisa. Mvua ilikuwa imepita, nyasi zinameremeta, na jua la jioni bado lilikuwa juu. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, koti jeusi begani, leso mkononi. Aliponiona aliitia mfukoni upesi. Nikaweka na hilo akilini.

"Hester. Umependeza."

"Jumanne hufundishi wanafunzi," nilisema.

Alisimama. "Imogen kakwambia?"

"Imogen kaapa. Mnaapishana. Ndiyo kusema mmefika mbali."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi? Nieleze. Nimesimama, sina haraka."

"Nipe mpaka baada ya tamasha. Usiku, kwa mama yako. Nitawaambia wote wawili kwa pamoja, nimejipanga hivyo."

"Unataka kuja kula kondoo wa Mama kwanza, ndipo utuambie? Huo uzi, Alban. Uzi wa bibi yangu. Uliniahidi."

Aliangalia chini. Sijawahi kumwona mtu aliyeumia vile, lakini wakati ule nilikuwa sitaki kumwona ameumia. Nilitaka akane. Angekana hata kwa uongo ningepata pa kushika.

"Nilikuahidi," alisema. "Nimevunja. Hilo ni kosa langu, na nitakuomba radhi."

"Unampenda nani?"

"Wewe."

"Nibusu basi."

Alinyanyua uso.

"Hapa hapa," nilisema. "Mdomoni. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini, na wewe hujui. Nibusu nami nitasubiri mpaka usiku, sitauliza neno jingine."

Alinisogelea. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Nilifumba macho. Nilisubiri, na nilipenda kusubiri, nasema kweli. Halafu nikasikia pumzi yake ikipanda, na akanibusu kwenye paji la uso.

Nilifumbua macho.

"Hapo ni pa kuwabusu mashangazi," nilisema.

"Hester, ningeweza—"

"Usije kwa Mama usiku huu. Usije kesho pia."

Niliondoka naye akiniita. Sikugeuka. Nilipita kwenye birika, Mama akanyanyua macho, nikamtikisia kichwa: haji. Aliweka mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kwamba alishaniambia.

* * *

Kanisa lilijaa mpaka nyuma ya nguzo. Tulikaa. Kiongozi wa fidla alisimama, akampa Alban ishara ya kichwa, na Alban akatoa ile nota ya A ambayo okestra nzima hulinganisha nyuzi zake nayo. Kila siku ni hivyo. Oboe wa kwanza anatoa, sisi tunamfuata.

Sikutaka kumtazama. Nilifumba macho, na kwa kuwa nilifumba, nilisikia.

Nota ilikuwa inavuja. Kidogo sana, kama mlango ambao haujafungwa sawasawa, upepo unapita pembeni. Nilidhani ni hasira zangu. Nikamwangalia Clement.

"Umesikia?" nilimnong'oneza.

"Wiki ya ngapi hii," alisema kimya kimya, akikaza uzi wake. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana unamtazama."

Nilikuwa nimemtazama mno, hata sikuwa nimemsikiliza.

Tulimpiga Purcell, tukampiga Holst. Nilifungua kila ukurasa kwa wakati wake. Wimbo wa tatu ulikuwa wa Delius, wa polepole, na ndani yake mna solo ndefu ya oboe ambayo Alban alikuwa akiizungumzia tangu mwaka uliopita. Makofi ya Holst yalipokuwa bado yanatua, Alban alisimama. Imogen naye akasimama. Wakabadilishana viti.

Watu waliolipa viingilio hawakuona kitu. Walidhani wanapisha miguu. Lakini okestra nzima iliona, na mnong'ono ukapita kwenye fidla mpaka kwa mpiga ngoma. Katika okestra, mtu haachi kiti cha kwanza. Watu hufia kwenye kiti cha kwanza. Mwongozaji hakushtuka, maana yeye bila shaka alikuwa ameshaambiwa. Alingoja wakae, akanyanyua mkono.

Imogen alianza kucheza.

Nilimjua aliyekuwa anacheza, na hakuwa yeye. Sauti ilikuwa yake, ndiyo, changa na safi. Lakini pale wimbo unapopanda, alishikilia kidogo kabla ya kushuka, na mtu anayeshikilia pale ni mmoja tu duniani. Nilimsikia Alban akiufanyia mazoezi mstari ule jikoni kwangu, nikikaanga mayai. Alikuwa amempa ndimi, amempa na pumzi zake, mahali pa kuzivuta na mahali pa kuziachia. Jumanne zote zilikuwa kwa ajili ya hayo.

Naye alikaa kwenye kiti cha pili, anashikilia nota za chini zisizosikika sana. Kona ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imelegea. Alipopumzika alitoa ile leso, akajifuta upande mmoja tu, haraka, kwa aibu. Hapo nikauona mchuzi wa Pasaka, nikaiona na Jumapili. Nikaliona paji langu la uso.

Sikumbuki tulivyomaliza. Nakumbuka mapumziko yalipotangazwa nilikuwa nimeshafika mlangoni na viola bado mkononi.

* * *

Alikuwa kwenye meza ya chai, amesimama mbele ya birika la Mama kama mshtakiwa. Sidhani alikwenda pale kunywa. Nadhani alikwenda pale kwa sababu alijua nitapita.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Msuli umechanika," alisema. "Hapa, ndani ya mdomo. Mwezi wa tatu. Upande huu umekufa ganzi. Daktari wa Birmingham kasema nikiendelea kupuliza nitaharibu na uliobaki. Elgar wa usiku huu ndiye wa mwisho, na hata huyo nampiga kwenye kiti cha pili."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alimtazama Mama, ambaye alikuwa amesahau kufunga bomba, na chai ilikuwa inamiminika kwenye sinia.

"Krismasi uliniuliza nina nini cha kumpa Hester," alimwambia. "Nikakujibu kwa majivuno kwamba nina kiti cha kwanza. Nikawa sina. Nikasema nivushe tamasha hili, solo isiharibike, halafu nije mezani kwako niseme ukweli wote kwa siku moja. Nikifukuzwa nifukuzwe mara moja."

"Na mimi?" nilisema. "Mimi nilikuuliza kuhusu kiti? Ulininyima mdomo miezi yote hii, nikalala nikilia, nikijua una mtu."

"Ningekubusu ungejua." Sauti ikamkatika. "Wewe ndiye mtu pekee unayeijua midomo yangu kuliko mimi. Ungeligundua siku ile ile. Niliogopa, Hester. Ulimpenda mpuliza oboe. Sikujua kama kuna mwingine ndani yangu wa kupendwa."

"Na uzi?"

"Solo ile ilikuwa yangu. Nimeingoja tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nilipojua haitakuwa yangu, nilitaka angalau kitu chako kiwepo pale inapopigwa." Akafuta macho kwa ile leso. "Nilikuwa na ndimi nzuri nilizoziweka kwa ajili ya leo. Nilikosa moyo wa kuzikata uzi nizifunge upya kwa uzi mwingine. Nilivunja ahadi. Nisamehe hilo."

Niliweka viola juu ya meza, katikati ya keki. Kuna mtu alisema "Angalieni sandwichi." Nilimshika uso kama alivyonishika mimi kule bustanini, na safari hii sikufumba macho. Nilimbusu. Upande wa kulia ulinijibu, wa kushoto haukujibu. Nikaubusu na wenyewe, peke yake, taratibu, mpaka nikasikia akitetemeka.

Kulikuwa na foleni ya chai nyuma yetu, na kwetu hapa foleni haivunjwi hata kwa mapenzi. Watu walisubiri kwa adabu, wakitazama dari.

Mama alikohoa.

"Kwa hiyo Pasaka hukuwa umelewa," alisema.

"Hapana, mama."

"Ungeniambia. Nimekusema vibaya kwa nusu ya parokia, itanibidi nizunguke tena kuwaambia vingine." Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa sinia, na alipangusa muda mrefu. "Sasa utafanya kazi gani?"

"Nitachonga ndimi za wengine. Kisu ninacho, mikono ni mizima. Nitafundisha. Kiti sina tena."

"Nilisema sitaki mwanamuziki kwenye nyumba yangu."

"Ulisema."

"Basi hapo huna kosa."

Alichukua kikombe, akakiweka chini ya bomba. Nilimwona akikijaza nusu tu. Akatia maziwa ya baridi, mengi, mpaka mvuke ukaisha, akakisukuma mbele ya Alban, upande wa mkono wa kulia. Kikombe cha nusu hakimwagiki. Alban alikipokea kama mtu aliyepewa funguo.

"Kondoo yuko kwenye tanuri," Mama alisema, akimtazama mtu wa nyuma kwenye foleni. "Nitamkata vipande vidogo. Mchuzi nitauacha jikoni. Haya, tokeni hapa, mnazuia watu. Nani anayefuata? Sukari ngapi?"

* * *

Kengele ililia, tukarudi. Imogen alikuwa ameketi kwenye kiti cha kwanza, ameshika oboe kwa mikono yote miwili, hajui kama anaruhusiwa. Nilipokuwa napita niliinama, nikamvutia zipu juu mpaka mwisho.

"Umecheza vizuri," nilimwambia. "Wape A yako kwa nguvu. Usiiogope."

"Umenisamehe?"

"Bado naudhika kidogo. Nitamaliza wiki ijayo."

Alicheka, machozi yakamtoka. Kiongozi wa fidla alisimama na kutazama upande wa oboe. Imogen alimtazama Alban, Alban akampa ishara ya kichwa. Nota ikatoka, imenyooka, haina uvujaji wowote, na kwenye ulimi uliokuwa unaitoa kulikuwa na kijani cha bibi yangu. Okestra nzima ilijipanga juu yake. Fidla, selo, honi zile zilizofokewa mchana. Alban aliipokea kwa chini, taratibu, kwa mdomo wake nusu, na wala haikuwa mbaya.

"Unaziona kurasa?" Clement alininong'oneza.

"Naziona."

"Elgar huyu ana ukurasa mbaya pale kwenye sehemu ya polepole. Ukiukosa tumekwisha."

"Sitaukosa, Bwana Clement."

Tulifika sehemu ya polepole. Alban alikuwa anapuliza nota zake za mwisho, amefumba macho, na uso wake haukuficha kitu tena. Viola zilikuwa zinapanda. Nilikuwa nacheza, kwa hakika nilikuwa nacheza, lakini nota zilikuwa zimetota machoni mwangu, sioni mstari wala ukurasa. Niliufikia mwisho wa karatasi na mkono wangu haukunyanyuka.

Clement alilaza upinde wake. Akanyoosha mkono mbele yangu, yeye ambaye hakuwahi kufungua ukurasa tangu akae upande wa nje, akaufungua taratibu, akaulaza vizuri.